Nyangumi Juu ya Paa

Wiki ile ya kura ya maoni ya kuungana na Urusi, mwanangu Orysia alinyoosha kidole kuelekea paa la banda la makaa akasema, "Kit!" Kisha akavipuliza vidole vyake, pu, pu, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

Juu ya paa alikuwa amelala paka wa jirani, yule mwekundu mwenye sikio lililochanika.

Mume wangu Gleb alikuwa anafunga viatu vya kazini. Akacheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. "Nyangumi! Jamani mnasikia? Binti yangu kaona nyangumi juu ya paa!"

Kwa Kirusi, lugha ya nyumba ile, kit ni nyangumi. Kwa Kiukraini, lugha niliyoinyonya kwa mama yangu kule Henichesk, kit ni paka. Gleb anajua vizuri, maana aliifundishwa shuleni kama watoto wote wa hapa Dzhankoi wa rika lake, ila mzaha haumbanduki.

"Paka," akasema mama mkwe wangu, Zinaida Prokhorovna, bila kuinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Mtoto kasema paka. Acha kumchanganya."

Sikujiuliza yeye alijuaje. Furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni. Orysia alikuwa na maneno matatu tu, mama, baba na bibi, na hili la nne lilikuwa langu. Lilitoka kwangu, kwenye maneno ninayomnong'oneza ninapomlaza. Nilimbeba nikamzungusha ua mzima, naye akacheka, na mama mkwe akatutazama kwa jicho la pembeni huku ganda la kiazi likirefuka kisuni pake.

Wivu wangu haukuwa wa mume. Gleb ni mtu wa reli, hukagua mabehewa kwa nyundo, akigonga gurudumu na kusikiliza, na akirudi nyumbani hana nguvu za kumpendeza mwanamke mwingine. Wivu wangu ulikuwa wa mama yake. Asubuhi nilikuwa kwenye kantini ya stesheni, jioni kwenye shule ya watu wazima, nikimalizia masomo niliyoyakatiza baba alipougua. Saa zote hizo mtoto alikuwa wa bibi yake. Bibi ndiye aliyeona jino la kwanza. Bibi ndiye aliyeona hatua ya kwanza, kati ya jiko na kabati, akaja kunisimulia mlangoni kabla sijavua koti. Nikirudi, Orysia hunitazama kidogo kama anayekumbuka kitu, halafu huficha uso kwenye shingo ya bibi. Hata jina hatukukubaliana. Mimi namwita Orysia. Mama mkwe anamwita Arisha, Kirusi safi, na mtoto anaitikia yote mawili kwa tabasamu lilelile, utadhani ni mwanasiasa.

Ndiyo maana neno lile kit nililishika kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba.

*

Jumamosi, siku moja kabla ya kura, ua ulikuwa umejaa maneno. Nyumba zetu ni za ghorofa moja, zimepangwa kwa mstari, na benchi ni moja kwa familia zote. Mlozi karibu na bomba ulikuwa umechanua, na upepo wa Machi ulikuwa unatumwagia maua kichwani kama maharusi wazee.

Mama mkwe alikuwa amejifunga vibiringisho vya nywele. Kwa siku kadhaa alikuwa na uso wa msichana. Alivyokuwa akiitaja Urusi, ungedhani ni mwanamume aliyemwacha stesheni enzi za ujana wake na sasa anapiga hodi.

"Wewe Zina, unakwenda kupiga kura au kuolewa?" akauliza Rimma, anayeuza dukani ng'ambo ya barabara. Yeye mwenyewe alikuwa amepaka wanja.

"Vyote," mama mkwe akajibu. "Nilizaliwa katika nchi ambayo leo haipo. Nililala nikaamka nikaambiwa mimi raia wa nchi nyingine, na hakuna aliyeniuliza. Safari hii wameniuliza. Nitajibu."

"Wamekuuliza nini hasa?" Huyo alikuwa Sevile, jirani yetu Mtatari, mwenye paka. Alikuwa amesimama na bakuli la unga, hakukaa, ila alimwita mama mkwe kwa heshima ya Kitatari, hanum. "Karatasi ina maswali mawili, Zinaida-hanum. Moja, tuungane na Urusi. La pili, turudishe katiba ya zamani. Liko wapi la kusema tuache tulivyo? Mlango wenye vitasa viwili, ila unaelekea chumba kimoja."

"Basi usiingie," akasema Rimma.

"Siingii. Watu wetu wote tumesema hatuendi."

"Ah, nyinyi huwa mnasusa tu."

"Sisi?" Sevile akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Bibi yangu alitolewa nyumbani kwake hapahapa akapakiwa kwenye behewa la ng'ombe hadi Uzbekistani. Hakususa, alibebwa. Sasa nikiona askari wamefunika nyuso, hawana alama ya nchi yoyote begani, wamesimama pale njiapanda, unataka nijipake wanja?"

Rimma akabanua mbegu ya alizeti, akatema ganda. "Mimi nina pensheni ya mama ya kufikiria," akasema kwa sauti ya chini. "Kule Urusi wanalipa zaidi. Na habari za ghasia kule Kyiv zinanitia hofu. Si kwamba nakuchukia, Sevile."

"Najua hunichukii. Unachukua maandazi yangu kila Ijumaa."

Wakacheka, kicheko cha watu wanaojua kwamba kesho watahitaji kuazimana chumvi.

"Na wewe Gleb, mwanaume wa ua?" Rimma akamgeukia mume wangu.

"Mimi nagonga magurudumu. Likilia vizuri, treni iende. Likilia vibaya, isimame."

"Na hili linalia vipi?"

Gleb akatazama mama yake, akanitazama mimi. "Nina zamu kesho," akasema.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa mke wa kutoka Henichesk, ng'ambo ya ziwa la chumvi, upande wa bara, na kila mtu alidhani anajua jibu langu. Mwalimu wetu wa shule ya jioni tulipomuuliza vyeti vyetu vitapigwa muhuri wa nchi gani alisema, "Sijui. Ninyi someni, muhuri utajitafutia pa kukaa." Hilo ndilo lililokuwa jibu langu, kama wangeuliza.

*

Jioni ileile mama yangu alipiga simu kutoka Henichesk. Huwa anapiga kelele kwenye simu kama anayeita mtu shambani.

"Slava! Wanasema treni zitasimama! Wanasema wataweka mpaka! Mlete mtoto, mwanangu, hata kwa mwezi mmoja! Mimi sijamwona tangu awe na meno!"

Nikamwambia Gleb. Akakuna kichwa. "Nenda wewe wiki moja ukamtulize. Arisha abaki na mama. Mama atavunjika moyo, unajua alivyo."

"Anaitwa Orysia."

"Slava, usianze."

"Moyo wa mama yako unavunjika, wa mama yangu je? Wa bati?"

Na kila aliponyamaza, mimi nilisikia: mtoto ni wa nyumba hii. Nikaingia chumbani nikapanga nguo za Orysia kwenye mfuko, soksi, kikombe chake, sungura wake wa kitambaa, nikausukuma chini ya kitanda. Treni ya bara ilikuwa mchana wa kesho. Gleb atakuwa kazini, mama mkwe atakuwa kwenye foleni yake ya harusi. Nitachukua mwanangu na neno lake moja, twende mahali ambapo paka ni paka.

Asubuhi nikaenda kwa Sevile kununua maandazi ya nyama, ya kula njiani. Hakuniuliza ya nini, ila aliyafunga kwa karatasi mbili, kama mtu anavyomfungia msafiri. "Mwangalie mtoto asipigwe na upepo," akasema tu.

Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Koti jekundu la Orysia halikuwepo kwenye msumari. Hata viatu vyake havikuwepo. Juu ya meza vibiringisho vya nywele vilikuwa vimetawanyika.

Amempeleka kupiga kura. Mwanangu. Amempamba akaenda naye kwa huyo mchumba wake!

Nilikimbia na maandazi mkononi.

*

Kura ilikuwa inapigwa kwenye shule, ileile ninayosomea jioni. Nje walikuwa wameweka spika kubwa, na nyimbo za kwaya za askari zilikuwa zinapigwa mpaka madirisha yanatetemeka. Watu walikuwa wamevaa vizuri, wengine wana maua, wengine wana nyuso zisizosema kitu. Ndani ya ukumbi kulinukia maandazi matamu na rangi ya sakafu. Masanduku yalikuwa ya plastiki inayoonyesha ndani, na karatasi nyingi hazikukunjwa, kila mtu anamsoma mwenzake.

Niliwaona kabla hawajaniona. Mama mkwe alikuwa karibu na sanduku, karatasi mkono mmoja, Orysia mkono mwingine. Mtoto alikuwa na utepe mkubwa kichwani na alikuwa analia kwa sababu ya kelele zile za spika, amejikunja, uso mwekundu kuliko koti. Watu wa nyuma walianza kuguna.

Mama mkwe akashika vile vidole vidogo kwa ncha za vidole vyake, akaviinamia, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, ya haraka, ya jikoni:

"Kit kapanda tanuri,
kaunguza mkia,
njoo kwa bibi, kit,
bibi atakupulizia..."

Pu, pu, akavipuliza vile vidole. Na Orysia, machozi yakiwa bado yananing'inia, akapuliza pia. "Kit," akasema. Wimbo ukaendelea, lakini kwaya ya spika ikaumeza.

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Kila neno la wimbo ule lilikuwa la kwetu. Tanuri, mkia, kupuliza, vyote kwa Kiukraini, na si kile cha vitabuni, ni kile cha vijijini kabisa, kama cha nyanya yangu. Nami sikuwahi kuusikia.

Rimma alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Akamgusa bega. "Zina! Unasema lugha gani hapo, na karatasi hiyo mkononi?"

"Lugha gani?"

"Hicho ni Kiukraini, mama!"

"Toka hapa. Kiukraini ni kile cha kwenye televisheni," akasema mama mkwe, ameudhika kweli. "Hiki ni cha mama yangu. Alikuja nacho kutoka Chernihiv kule bara, walipoletwa huku baada ya vita. Ndivyo tulivyoongea na watoto nyumbani, basi. Mtoto anabembelezwa kwa nini kingine?"

Watu wawili watatu wakacheka. Mzee mmoja mwenye nishani hakucheka, akatikisa kichwa polepole kama naye kakumbuka jiko fulani. Mama mkwe akainua kidevu, akadumbukiza karatasi yake sandukuni, alama yake ikiwa penye swali la kwanza, wazi kwa kila mwenye macho. Halafu akageuka akaniona.

Hakushtuka. Tulitoka nje pamoja, tukasimama nyuma ya ukuta ambako spika haikufika vizuri.

"Hata hilo," nikasema. "Jino ulilichukua. Hatua ukaichukua. Neno moja nilidhani ni langu, mama. Moja! Kumbe hata paka ni wako."

Nywele zake, zilizokaa vizuri asubuhi, upepo ulikuwa unaziharibu.

"Nimeuona mfuko chini ya kitanda," akasema. "Nilikuwa nafagia. Nikaona sungura ana safari."

Nikayahamishia maandazi mkono wa pili.

"Ndiyo maana nimemchukua. Nilijua ukikuta hayupo utanifuata, na treni itakwenda." Akafuta pua ya mtoto kwa kiganja, kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Unanionea wivu mimi? Slava, mimi nashinda naye kutwa nzima, nampikia, namwimbia, nampuliza vidole mpaka navimba mashavu. Jioni lango likilia tu, anaacha kijiko hewani. Anasikiliza. Ni wewe. Anaficha uso kwangu kwa sababu anaona haya, kama bibi harusi. Mimi hajawahi kunionea haya. Na wewe mama yako yu hai, yuko pale ng'ambo, unaweza kumpigia kelele kwenye simu. Wangu aliniachia kitu kimoja tu, huyo paka wa tanuri, nikampa mtoto wako. Sasa nani amwonee nani wivu?"

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akamtoa Orysia kifuani pake, akaniwekea mikononi, akamfunga kifungo cha juu cha koti.

"Shika. Treni yako bado haijaondoka. Mimi si mlango wa kufungia mtu."

Akaenda zake kuelekea nyumbani, mgongo umenyooka, gauni la sherehe likipigwapigwa na upepo.

*

Nilienda stesheni. Mfuko sikuwa nao, lakini nilikuwa na mtoto na maandazi, na kwa mama yangu hilo lingetosha. Jukwaa lilikuwa limejaa watu wenye mizigo mikubwa kuliko ya Jumapili ya kawaida. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba televisheni. Hakuna aliyekuwa anasema anakwenda kwa muda gani.

Tulikaa kwenye benchi. Orysia aliona njiwa, hakujali. Akaona mbwa wa stesheni, hakujali. Kisha, bila paka yeyote kuonekana, akanitolea vidole vyake vyote, akavikunjua mbele ya uso wangu. "Kit," akasema.

"Kit," nikasema.

Akasubiri. Nikaelewa.

"Kit kapanda tanuri, kaunguza mkia, njoo kwa... njoo kwa mama, kit, mama atakupulizia." Nikapuliza, pu, pu.

Akapuliza. Kisha akasubiri tena, vidole vimenyooka, macho yameganda kwenye mdomo wangu. Wimbo ulikuwa haujaisha. Baada ya kupuliza kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa kizuri, maana miguu yake ilikuwa imeshaanza kuchezacheza kukingojea. Sikukijua. Nikajaribu kubuni. Akautazama mdomo wangu kama anavyotazama kikombe kitupu, akarudisha vidole vyake taratibu ndani ya mikono ya koti.

Ilinichoma hapo. Kwamba ndani ya kichwa kile kidogo kuna chumba chenye joto nami sina hata ufunguo wake. Na mwenye ufunguo nilikuwa naenda kumwacha ng'ambo ya mpaka, afe nao! Treni iliingia ikipiga honi, na mimi nilikuwa nimeshasimama, nikitembea upande wa mji. Wivu uleule ulionifungia mizigo ndio ulionirudisha.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la ua, bado na gauni lake. Hakuwa anafanya kitu. Viazi vilikuwa ndani ya beseni miguuni pake, havijamenywa. Alipotuona hakuinuka, ila mikono yake ilianza kutafuta kisu.

"Umesahau nini?" akauliza. "Mfuko?"

"Nusu ya wimbo."

Akanitazama, akaelewa, na ujanja ukarudi machoni pake. "Aa. Huo ni wangu. Kajifunze kwenye shule yako ya jioni."

"Kule hawaufundishi, mama."

"Basi utanipa nini?"

Nikafikiri. Sikuwa na cha kumpa ambacho hakuwa anacho. "Pasaka," nikasema. "Twende wote watatu Henichesk. Wewe na mama yangu mgombanie huyu uso kwa uso, mimi nipumzike."

"Yule mama yako anapiga kelele."

"Utamjibu."

Akakata kiazi vipande viwili, akakata tena. "Kama njia itakuwepo."

"Kama njia itakuwepo," nikasema.

Nikampa andazi moja la Sevile. Nikakaa. Alinifundisha huku tunamenya: baada ya kupulizwa, kit anapewa maziwa kwenye kiatu cha babu, na babu anatoka nje na mguu mmoja mtupu, na hapo ndipo mtoto hukamatwa mguu na kutekenywa. Orysia alipiga yowe la furaha hadi Sevile akachungulia dirishani. Alituona. Alimwona pia mama mkwe na gauni lake la kura. Hakufunga dirisha.

Giza lilipoanza kuingia, Gleb alirudi kutoka zamu akinuka mafuta ya mabehewa. Wakati huohuo mtu mmoja mtaa wa pili akarusha fataki, kwa furaha yake. Anga likapasuka kijani na nyekundu. Paka mwekundu wa Sevile aliruka kutoka bandani, akapita kati ya miguu yetu, akaingia nyumbani kwetu kujificha chini ya kitanda, karibu na ule mfuko.

"Kit!" akapiga kelele Orysia.

"Nyangumi!" akasema baba yake. "Kaingia nyumbani, jamani!"

"Paka!" tukamjibu, mimi na mama mkwe, kwa sauti moja, na kwa lugha moja. Kisha tukatazamana, kila mmoja akiwa na hakika kwamba ndiye aliyetangulia.